Mashine ya leza inasoma kaboni 0.05% kwenye bomba la 316L, cheti kinasema 0.021%. Kosa liko wapi?

BombaLaMvuke

Wakuu, salaam. Swali ni la kupima metali kwa leza (LIBS), ile mashine ya mkononi inayopiga metali hadi itoe cheche, kisha spektromita inasoma mwanga wa cheche hiyo.

Kazi ni kuthibitisha mabomba ya stenlesi kabla ya kuchomelewa. Ni 316L (stenlesi ya kaboni kidogo), inchi 2, ukuta wa 2.77 mm, na cheti cha kiwandani kinasema kaboni 0.021%. Kromi, nikeli na molibdeni zinatoka safi: 16.7, 10.2 na 2.08. Kaboni ndiyo inayosumbua. Vipimo vitano kwenye bomba moja vimetoa 0.031, 0.024, 0.052, 0.027 na 0.029. Bomba la pili limetoa vyote juu ya 0.05. Kikomo cha 316L tulichopewa ni 0.030%, kwa hiyo kwa namba hizi mzigo mzima unarudishwa.

Maandalizi: grinda ndogo na diski ya msasa, kisha kufuta kwa asetoni. Argoni inatoka kwenye mtungi mkubwa kwa mpira wa mita tatu. Kipande rejea (chenye viwango vinavyojulikana) kilichokuja na mashine kinasoma sawa asubuhi, mchana kinapanda. Mbovu ni mashine, cheti, au mtumiaji?

---

Spektra_Kazini

Mkuu, kromi na nikeli zikikaa sawa halafu kaboni peke yake ikayumba, usiifungue mashine. Nikeli haipo kwenye kidole chako wala kwenye kitambaa. Kaboni ipo kote huko: mafuta ya ngozi, msasa, asetoni, mpira wa gesi, hewa yenyewe. Doa linalopigwa na leza halifiki hata robo ya milimita na kina chake ni mikroni chache, kwa hiyo uchafu usioonekana kwa macho unaingia kwenye hesabu kama vile ni sehemu ya chuma.

Anza na diski. Kama punje zake ni silikoni kabaidi, umeshapaka kaboni kwa mkono wako, maana kabaidi ni kaboni na silikoni, na punje zinazovunjika zinazama kwenye stenlesi kwa kuwa ni laini. Angalia na silikoni kwenye skrini: ikipanda pamoja na kaboni, jibu umelipata. Tumia diski ya zirkonia au ya alumini oksaidi, punje namba 60 hadi 80, mpya, na uiandike kwa kalamu kwamba ni ya stenlesi tu. Diski iliyopita kwenye chuma cheusi chenye kaboni 0.2% inabeba vumbi lake hadi kwenye 316L, na 0.2 ni karibu mara kumi ya unachotafuta.

Asetoni unaitumia upande usio wake. Futa mafuta kwanza, grindi baadaye, kisha usiguse tena. Ukifuta baada ya kugrindi, asetoni inakauka na kuacha utando wa kila ilichokiyeyusha kutoka kwenye kitambaa, juu ya uso ambao ulikuwa safi. Subiri chuma kipoe, pima ndani ya dakika chache.

Usizime mipigo ya kusafisha ili kuokoa gesi. Mashine nyingi hupiga kwanza bila kusoma ili kuondoa utando wa juu. Hata ChemCam, ile leza iliyo kwenye gari la Curiosity huko Mirihi tangu 2012, kwa kawaida hupiga jiwe mara 30 mahali pamoja na mipigo mitano ya mwanzo haihesabiwi, kwa sababu ni vumbi.

Sasa namba zako. Wastani wa zote tano ni 0.0326, mtawanyiko 0.011. Bila ile 0.052 wastani ni 0.0278, mtawanyiko 0.003. Kwa jaribio la Grubbs, lile la kutafuta kipimo kilichoachana na wenzake, 0.052 inatoa 1.74 na kikomo cha vipimo vitano ni 1.715, kwa hiyo inatoka, lakini kwa unywele. Nisingeitupa kwa hesabu peke yake. Tazama alama yake kwa lenzi ya mkononi: kama imeangukia mkwaruzo mzito, kishimo au ukingo wa sehemu iliyogrindiwa, itupe na uandike sababu. Kama alama ni nzuri, piga tano nyingine pembeni.

Na hata 0.028 siyo tiketi ya kupita. Kwa mtawanyiko wa 0.003, bomba hilo limekaa mlangoni kabisa mwa 0.030. Kumbuka pia kwamba namba ya cheti kwa kawaida hupimwa chuma kikiwa bado kimeyeyuka, na kiwango cha ASTM cha mabomba haya, A312, chenyewe kinaruhusu kaboni hadi 0.035. Mwenye mzigo asikatae wala kukubali kwa kipimo cha shamba katika eneo hilo. Toboa chembe bila mafuta ya kupozea, gramu 1 hivi, zipelekwe maabara zichomwe kwenye oksijeni na gesi yake isomwe kwa infraredi. Hiyo ndiyo hakimu wa kaboni.

---

BombaLaMvuke

Asante mkuu. Diski imeandikwa herufi C, bila shaka ndiyo hiyo silikoni kabaidi. Mawili mengine: mtungi wa argoni ni ule ule wa kuchomelea MIG, kuna shida? Na je, pua ya mashine ikikaa juu ya bomba la mviringo, nifanye bapa kwa grinda? Maabara ya chuo jirani ina LIBS ya mezani, leza ya milijuli 50 (mJ) na spektromita ya nanomita (nm) 200 hadi 900. Ingefaa kuhakikishia huko?

---

mwanga_313

Simama hapo hapo kwenye mtungi. Gesi ya MIG kwa chuma cheusi mara nyingi ni mchanganyiko, argoni 80 na kaboni dioksaidi 20, au karibu na hapo. Hiyo ni kupuliza kaboni kwenye cheche unayoipima kaboni! Soma lebo ya mtungi, siyo rangi yake. Kinachotakiwa ni argoni tupu ya 99.999%. Argoni ya kawaida ya TIG inaweza kuonekana inafanya kazi, lakini unyevu na oksijeni kidogo zilizomo zinatosha kushusha mstari wa kaboni (mwanga wake kwenye spektra), na kila mtungi mpya unakuja na tabia yake.

Sababu ni hii. Mstari wa kaboni unaotumika kwenye chuma uko 193.09 nm, ndani kabisa ya urujuanimno. Oksijeni ya hewa inaanza kumeza mwanga chini ya 200 nm. Argoni inafanya kazi mbili kwa mara moja: inafukuza hewa ili mwanga upite, na inaifanya plazma, yaani cheche yenyewe, iwe na moto zaidi na idumu zaidi, kwa sababu haipitishi joto haraka kama hewa. Hewa ikivuja, mistari ya chuma ya 400 nm haionyeshi dalili kubwa, kaboni inaumia peke yake. Kwa hiyo usishangae kromi yako kuwa nzuri.

Uvujaji unaweza kuuona. Kama mashine inakuonyesha spektra hadi 780 nm, tafuta kundi la mistari mitatu ya oksijeni kati ya 777.2 na 777.5. Kwenye uso mpya uliogrindiwa na argoni safi linapaswa kuwa dogo sana. Likisimama, kuna hewa. Mpira wa mita tatu nao ubadilishe: unyevu unapenya kwenye ukuta wa mpira wa kawaida. Weka bomba la shaba au la PTFE (plastiki ya Teflon), fupi iwezekanavyo, na baada ya kufunga mtungi mpya acha gesi ipite dakika kadhaa kabla ya kipimo cha kwanza.

Kuhusu bapa: usifanye. Bomba la inchi 2 lina kipenyo cha nje 60.3 mm. Bapa la upana wa mm 12 linakula kina cha 0.6 mm. Ukuta wako ni 2.77, na upungufu unaoruhusiwa kwa mabomba ya A312 ni 12.5%, yaani 0.35 mm. Utakuwa umeliua bomba ili ujue kama ni zima. Tumia pua yenye mkunjo wa bomba, au pima kwenye uso wa mkato wa mwisho wa bomba kama pua inatosha, au omba kipande cha mwisho wa bomba. Kugrindi kwa kuondoa gamba tu hadi metali ing'ae, hilo halina tatizo.

LIBS ya chuo kwa kaboni ya chuma, hapana. Spektromita inayoanzia 200 nm haioni 193. Kaboni ina mstari mwingine mzuri 247.86, lakini chuma nacho kina mstari hapo hapo, vimekaliana kiti kimoja. Kwa plastiki au makaa ya mawe unautumia bila wasiwasi, kwa chuma unapima chuma ukidhani ni kaboni. Faiba (uzi wa kupeleka mwanga kwenye spektromita) yenye urefu wa mita mbili nayo inapunguza sana mwanga wa 193 kabla haujafika.

Kuyumba kwa mchana huenda kunatokana na joto na kioo. Spektromita ikipata moto, mistari inahama sehemu ndogo za nanomita, na kwenye 193 hiyo inatosha kukutoa juu ya kilele. Rudia kipande rejea kila joto la mahali linapobadilika, siyo asubuhi tu. Kisha kagua kioo cha puani: vumbi la metali linakishika kidogo kidogo, na mwanga wa urujuanimno ndio wa kwanza kuzuiwa.

---

Spektra_Kazini

Naongeza jambo moja kwa hoja ya @mwanga_313. Kaboni dioksaidi kwenye gesi inaweza kukupandisha au kukushusha: inaongeza kaboni, lakini pia inameza mwanga na kuipoza plazma. Ndiyo maana bomba moja linasoma 0.03 na jingine 0.05 kwa mtungi ule ule, kutegemea pua imekaaje. Usijaribu kusahihisha kwa kutoa tarakimu fulani. Vipimo vyote vilivyofanywa na mtungi huo vifutwe.

---

KinuChaShaba

Naomba kuingilia. Hiyo hiyo LIBS ya mezani, 50 mJ, naona wamesema haifai kwa kaboni. Kwa shaba nyeupe na ya njano (shaba iliyochanganywa na zinki na metali nyingine) je? Lengo ni kutenganisha chakavu: vali, bomba za maji, vyuma vya mlango. Grafu ya shaba dhidi ya mwanga wake inapanda, kisha inalala baada ya asilimia 50 hivi. Leza ni Nd:YAG ya 1064 nm, nanosekunde 8, mipigo 10 kwa sekunde.

---

mwanga_313

Hapo inafaa vizuri sana. Grafu inalala kwa sababu karibu bila shaka unatumia 324.75 au 327.40. Hiyo mistari miwili inaishia kwenye hali ya chini kabisa ya atomu ya shaba. Pembezoni mwa plazma kuna atomu za shaba zilizopoa, zinameza mwanga unaotoka katikati. Shaba ikiongezeka, wamezaji wanaongezeka sambamba na watoaji. Ukikuza kilele utaona kichwa kimebonyea, wakati mwingine kina shimo katikati kama pengo la meno. Mistari hiyo iache kwa shaba ya chini ya asilimia moja, mfano shaba ndani ya alumini. Kwa shaba nyeupe na ya njano hamia 521.82 au 515.32, ambazo zinaishia ngazi ya juu isiyo na atomu nyingi za kungojea. Zinki tumia 481.05 au 472.2, siyo 213.86, kwa sababu hiyo hiyo. Risasi 405.78.

Fokasi: weka lenzi ili kitovu cha mwanga kiangukie mm 1 hadi 3 chini ya uso, siyo juu yake. Kikiwa juu, hewa inapasuka kabla ya metali na nusu ya nishati inaishia kwenye naitrojeni. Kwa 50 mJ, ns 8 na doa la mm 0.3, unapata takriban gigawati (GW) 9 kwa sentimita ya mraba. Metali zinahitaji GW 1 hivi kuanza kutoa plazma nzuri, kwa hiyo una akiba ya kutosha. Ongeza doa badala ya kuongeza nishati.

Muda: nanosekunde mia chache za mwanzo plazma inatoa mwanga mweupe wa mfululizo unaofunika mistari. Chelewesha kusoma kwa mikrosekunde 1. Spektromita nyingi za CCD (kihisio kama cha kamera) haziwezi kufunga dirisha haraka, zinasoma walau milisekunde 1, lakini si neno: plazma imeshazimika baada ya makumi ya mikrosekunde, kilichobaki ni giza. Kinachokuumiza ni mwanzo, siyo mwisho.

Zinki ina ujanja wake. Inachemka 907 °C, shaba inachemka zaidi ya 2,500. Mpigo wa nanosekunde unapasha kingo za kishimo, zinki inatoroka kwanza, na plazma inaonekana na zinki nyingi kuliko chuma chenyewe. Uwiano unabadilika kadiri unavyopiga sehemu moja. Kwa hiyo sogeza sampuli: mipigo 5 ya kusafisha, 10 ya kusoma, hamia doa jingine, walau madoa 10. Madoa mengi yanasaidia pia kwa risasi, kwa kuwa haiyeyuki ndani ya shaba ya njano, imekaa kama matone. Mpigo mmoja unaweza kuangukia tone ukasoma 9%, unaofuata ukasoma 0.4, na chuma ni kile kile cha 3%.

Vipande rejea viwe vya familia hiyo hiyo, visipungue vitano, vikizunguka kiwango unachotegemea. Kutumia vipande vya alumini kupimia shaba nyeupe ni kujidanganya: nishati ile ile inachimba kiasi tofauti kwenye kila metali, na plazma inakuwa na joto tofauti. Gawanya mwanga wa zinki kwa mwanga wa shaba, tumia uwiano. Unaondoa sehemu kubwa ya kuyumba kwa leza bila gharama.

Ipo njia isiyohitaji vipande rejea, iliyotolewa na kundi la Pisa, Italia, mwaka 1999, ya kukokotoa kila kitu kutoka kwenye joto la plazma na wingi wa elektroni. Ni nzuri kwa sampuli usizozijua. Kwa chakavu unachokijua, vipande rejea vitakushindia kila siku.

---

KinuChaShaba

Nimeelewa, nahamia 521.82. Na kama kuna XRF (mashine ya kupima metali kwa eksirei) tayari, LIBS ya nini?

---

Spektra_Kazini

Kwa shaba nyeupe na ya njano, XRF ya mkononi inatosha na mara nyingi ni tulivu zaidi. LIBS inashinda kwenye vitu vyepesi: kaboni, lithi, berili na boroni, ambavyo XRF ya mkononi haivioni kabisa, na kwenye magnesi ambayo XRF inaiona kwa shida na kwa muda mrefu. Mfano wa alumini: 6061 ina magnesi 0.8 hadi 1.2 na shaba 0.15 hadi 0.40, 6063 ina magnesi 0.45 hadi 0.9 na shaba isiyozidi 0.10. LIBS inazitenganisha kwa sekunde chache. Tofauti nyingine ni makaratasi: XRF ni mionzi, inahitaji kibali cha mamlaka ya mionzi, yaani TAEC kwa Tanzania au KNRA kwa Kenya. Leza haimo kwenye mionzi ya aina hiyo, lakini ina hatari zake.

---

JichoMoja_Usalama

Hatari zake hizi hapa, kwa sababu naona hakuna aliyezitaja. 1064 nm haionekani. Kope haifungi kwa sababu jicho halijui kuna mwanga, na lenzi ya jicho inaukusanya wote kwenye retina. Leza ya mezani ya 50 mJ ni daraja la 4: hata mrudisho kutoka kwenye shaba iliyong'arishwa unatosha kukupofusha. Miwani iandikwe 1064 nm na kiwango chake cha kuzuia kilingane na leza yako. Miwani ya kuchomelea siyo miwani ya leza. Boksi lenye swichi ya mlango ndilo suluhisho halisi, na usiibandike swichi gundi ili kazi iende haraka. Kapasita za leza ya taa hubaki na umeme baada ya kuzima, soma mwongozo kabla ya kufungua.

@BombaLaMvuke, cheche ni cheche. Bomba lililowahi kubeba mafuta au gesi linahitaji kibali cha kazi ya moto hata kwa doa dogo kama hilo. @KinuChaShaba, kwenye chakavu kuna shaba yenye berili, karibu 2%, kwenye springi na viunganishi vya umeme. Usiigrindi kavu, vumbi lake linaharibu mapafu. Tafuta berili kwanza kwenye spektra, 313.04 na 313.11 nm, kwenye uso kama ulivyo, ukiwa na kifyonza moshi.

---

yakuti_ya_Ruvuma

Hiyo 313 ya berili imenishtua. Ndiyo inayotumika kukagua yakuti za Songea zilizopikwa?

---

mwanga_313

Ndiyo hiyo. Mwaka 2002 soko liligundua kwamba yakuti za rangi ya machungwa zilizoenea zilikuwa zimepikwa kwa berili nchini Thailand, na mawe ya Songea na ya Madagaska yalikuwa miongoni mwa yaliyotumika. Joto lake ni juu sana, karibu na 1,800 °C, na berili inaingia kwa sehemu chache hadi makumi kwa milioni. XRF haioni kitu. LIBS inaiona, na maabara za vito Uswisi zilikuwa za mwanzo kuitumia kwa kazi hiyo.

Mpigo uwekwe kwenye mkanda wa kito (ukingo wake wa pembeni), kamwe siyo kwenye uso wa juu, kwa sababu kinabaki kishimo cha karibu mm 0.1. Jiwe linalopitisha mwanga linaimeza vibaya 1064 na linaweza kumeguka. 266 nm inachimba kwa utulivu zaidi. Na ukiiona berili usikimbilie kumwita muuzaji tapeli: yakuti zingine zina berili ya asili, kwa kawaida ikiambatana na niobi na tantali kwenye mawingu ya ndani ya jiwe. Piga sehemu safi isiyo na wingu, na uzitafute hizo mbili. Zikiwepo pamoja na berili, jiwe liende kwenye mashine ya ICP-MS ya leza, inayotambua atomu kwa uzito wake, kabla ya kuandika chochote kwenye cheti.